Ngome za Kirumi Kwenye Ukuta wa Hadrian: Namna ya Kuzisoma Kabla Hujazichoka

Mgeni akifika Housesteads, ngome ya Kirumi kaskazini mwa Uingereza, kwa mara ya kwanza hupiga picha ya ukuta unaopanda na kushuka majabalini, huzunguka vijikuta vinavyomfika magotini kwa dakika ishirini, kisha hurudi kwenye maegesho akijiuliza kama kiingilio alicholipa kilistahili. Kimemponyoka kitu kimoja tu: ngome za mpaka wa Roma zilijengwa kwa ramani iliyo karibu moja. Ukiishika ramani hiyo kabla ya kutoka nyumbani, mistari ya mawe kwenye nyasi hugeuka mitaa, mabweni, ghala, ofisi na choo. Usipoishika, ngome ya tatu utaiona sawa na ya kwanza, na ya nne utaipita bila kushuka garini.

Nitashikamana na Ukuta wa Hadrian, kaskazini mwa Uingereza, kwa sababu hapo ngome, ukuta, minara na mahandaki bado vinaonekana pamoja. Ujenzi ulianza karibu mwaka 122 B.K., mwaka ambao Kaisari Hadrian alizuru Britania. Gavana alikuwa Aulus Platorius Nepos. Mawe yalipangwa na askari wa legioni tatu, yaani vikosi vikubwa vya jeshi la Kirumi: II Augusta, VI Victrix na XX Valeria Victrix. Urefu wake ni maili 80 za Kirumi, yaani kama kilomita 117, kutoka Wallsend kwenye mto Tyne hadi Bowness-on-Solway upande wa magharibi. Waliokuja kuulinda walikuwa watu wengine kabisa, vikosi vya wasaidizi vilivyoandikishwa majimboni: Waasturi kutoka Hispania, Watungri kutoka eneo ambalo leo ni Ubelgiji, na wengine wa mbali zaidi ambao tutawafikia.

Ramani ya kubeba kichwani

Chukua karata ya kuchezea, ile yenye pembe za mviringo. Hiyo ndiyo ngome. Kila upande una lango, na lango kubwa huwa na njia mbili sambamba, na chumba cha walinzi kila upande. Barabara inayotoka lango la mbele hukutana na barabara inayokata ngome kwa upana, na zinapokutana ndipo yaliposimama makao makuu. Kwa hiyo ukiwa umepotea ndani ya ngome yoyote, tafuta lango, fuata barabara kwenda katikati, utafika makao makuu. Upande mmoja wa makao makuu ni nyumba ya kamanda, upande wa pili ni ghala za nafaka. Mbele na nyuma ya safu hiyo ya katikati ni mabweni.

Makao makuu hutambulika kwa mpangilio: ua wazi uliozungukwa na nguzo, kisha ukumbi mrefu wa kukingama, kisha vyumba vitano kwa safu nyuma kabisa. Chumba cha kati kati ya hivyo vitano kilihifadhi bendera za kikosi, na mara nyingi chini yake kuna chumba cha hazina. Kwenye ngome ya Chesters chumba hicho kipo chini ya ardhi na dari yake ya mawe haijaanguka. Usiondoke bila kushuka ngazi zake.

Nyumba ya kamanda ni kubwa kuliko unavyotarajia, nayo ina ua wake wa ndani na angalau chumba kimoja chenye sakafu ya kupashwa joto. Utaona viguzo vifupi vya mawe vilivyopangwa kwa safu, kama sentimita 60 hadi 80 kwenda juu. Sakafu ilikaa juu yake, na hewa ya moto kutoka kwenye tanuri ilipita chini. Hapo ndipo wageni wengi hukosea. Ghala za nafaka nazo zina viguzo vinavyofanana, wakadhani ni bafu. Namna ya kutofautisha ni kuangalia kuta. Ghala lina kuta nene zenye miegemeo ya mawe kwa nje na matundu ya hewa chini, na hakuna tanuri. Sakafu iliinuliwa ili hewa baridi ipite na nafaka isishike unyevu wala panya. Penye moto utaona mdomo wa tanuri na mawe yaliyobadilika rangi kuwa mekundu au meusi.

Kikosi cha miguu cha kawaida kilikuwa na watu 480 kwa hesabu ya daftari: senturia sita, kila moja watu 80, kila moja na bweni lake. Bweni ni jengo refu na jembamba lililogawanywa vyumba, watu wanane kwa kila jozi ya vyumba, na mwisho wake kuna nyumba pana zaidi ya senturioni, mkuu wa senturia. Ukipima kwa macho ukaona vyumba havilingani na hesabu hiyo, huenda unatazama matengenezo ya baadaye. Housesteads, upande wa kaskazini mashariki, mabweni yalijengwa upya kama vijumba vilivyotengana, kila kimoja na kuta zake. Hayo si ya siku za Hadrian. Ni ya wajukuu wa wajukuu.

Ngome ya wapanda farasi ina bweni la namna nyingine: farasi chumba cha mbele, askari chumba cha nyuma. Hili halikuthibitika vizuri hadi uchimbaji wa Wallsend miaka ya 1990 ulipokuta mashimo marefu ya kukusanyia mkojo wa farasi katikati ya vyumba vya mbele. Mashimo hayo ndiyo yaliyomaliza ubishi wa farasi walilala wapi.

Bafu usilitafute ndani. Kwa kawaida liliwekwa nje ya kuta kwa kuogopa moto, karibu na maji. La Chesters, kando ya mto North Tyne, ni miongoni mwa yaliyohifadhika vizuri kuliko yote Uingereza, kwa kuwa udongo ulioporomoka kutoka mlimani ulilifunika. Kuta zinampita mtu kimo. Ingia kupitia chumba cha kubadilishia nguo, chenye vishubaka saba ukutani, halafu fuata vyumba kutoka baridi kwenda vuguvugu kwenda moto. Angalia vizingiti vya milango vilivyolika kwa miguu.

Na choo. Choo cha Housesteads kipo pembe ya kusini mashariki, na ukitazama mteremko utaelewa kwa nini: hiyo ndiyo sehemu ya chini kabisa ya ngome. Maji yote ya mvua yaliyokingwa kwenye matangi ya mawe yalielekezwa huko kusukuma uchafu. Mfereji wa kina ulio kandokando ya ukuta ndio uliokaa chini ya mabenchi ya mbao, na kamfereji kembamba kalikopita mbele ya miguu kalikuwa ka kusuuzia sifongo za kujisafishia. Ngome hii haina chemchemi ndani yake, kwa hiyo kila tangi utakaloliona lilikuwa na kazi.

Ukuta na ndugu zake

Watu huja kuona ukuta wakasahau kwamba ukuta ni mstari mmoja katika mistari minne. Ukitoka kaskazini kwenda kusini, kwanza kuna handaki lenye umbo la V, kisha ukuta, kisha barabara ya kijeshi iliyoongezwa baadaye, kisha Vallum. Vallum ni handaki lenye sakafu bapa, upana kama mita 6 na kina kama mita 3, likiwa na tuta kila upande. Lilitenga eneo la jeshi na raia wa upande wa kusini, na vivuko vyake viliwekwa mbele ya ngome. Kwenye majabali ya katikati handaki la kaskazini halipo kwa sababu genge lenyewe linatosha, lakini kila penye pengo kati ya majabali handaki hujitokeza tena kwa mita chache. Ukiligundua pengo la kwanza, utaanza kuyatafuta mengine.

Kila maili moja ya Kirumi, kama mita 1,480, palijengwa ngome ndogo yenye lango kaskazini na kusini. Kati ya ngome ndogo mbili iliwekwa minara miwili. Wataalamu wamezipa namba kutoka mashariki kwenda magharibi, na minara hupewa namba ya ngome ndogo iliyo mashariki yake pamoja na herufi a au b. Mnara 48a ni wa kwanza magharibi ya ngome ndogo ya 48. Ramani na vibao hutumia namba hizi, kwa hiyo inafaa kuzizoea.

Mpango ulifuatwa kwa ukaidi. Ngome ndogo ya 37, mwendo mfupi magharibi ya Housesteads, ina lango la kaskazini lenye mawe ya tao bado mahali pake, na lango hilo linafunguka kwenye mteremko mkali ambao hakuna mkokoteni ungeweza kuupita. Maili ilikuwa imefika, lango likajengwa.

Lakini mpango wenyewe ulibadilika kazi ikiendelea, na hapa ndipo mawe yanapokuwa matamu. Mwanzoni ukuta ulikusudiwa kuwa na upana wa futi 10 za Kirumi, kama mita 3. Msingi ukachimbwa kwa upana huo, minara na ngome ndogo zikajengwa zikiwa na mabawa ya upana huo kila upande, tayari kuungwa. Kisha amri ikaja ukuta upunguzwe hadi futi 8 au chini yake. Pale Planetrees utaona ukuta mwembamba umekaa juu ya msingi mpana, msingi ukijitokeza nje kama sahani chini ya kikombe. Kwenye mnara 26b, Brunton, ukuta mpana umeungana na mnara upande mmoja, na upande wa pili mwembamba umegota kwenye bawa pana pasipo kulingana. Ukitaka kuona upana wa awali peke yake nenda Heddon-on-the-Wall, ambako kipande cha kama mita 100 kimesimama katikati ya kijiji. Magharibi ya mto Irthing ukuta wa kwanza haukuwa wa mawe kabisa; ulikuwa wa mapande ya udongo wenye nyasi, ukabadilishwa kuwa mawe baadaye.

Ngome zenyewe ziliongezwa baada ya mpango kuanza. Ushahidi umelala ndani ya Housesteads, karibu na ukuta wa kaskazini: msingi wa mnara 36b, uliobomolewa ili ngome ikae juu yake. Wapita njia huuruka bila kuuona.

Limestone Corner, kando ya barabara kati ya Chesters na Carrawburgh, handaki la kaskazini halikumalizika. Jina linasema mawe ya chokaa, ila mwamba wa hapo ni ule mweusi mgumu wa majabali. Ndani ya handaki kuna jiwe kubwa lenye vitundu vya kuchomekea kabari, limeachwa palepale lilipowashinda. Vallum, hatua chache kusini, walilipasua mwamba huohuo hadi mwisho. Sehemu hii haina kiingilio wala kibanda cha tiketi, nami naiweka juu ya ngome kadhaa za kulipia.

Mawe yanayodanganya

Yako mambo matatu ya kujua ili usidanganyike. La kwanza: barabara B6318, ambayo utaiendesha kwa muda mrefu upande wa mashariki, ilijengwa na jeshi miaka ya 1750 baada ya uasi wa mwaka 1745, na kwa kilomita nyingi imelazwa juu ya msingi wa Ukuta wenyewe. Ndiyo maana kati ya Heddon na Chollerford unaona mahandaki pande mbili za barabara lakini ukuta huuoni. Upo chini ya magurudumu yako.

La pili: sehemu nyingi nzuri za katikati, zile zenye kimo cha mtu na nyasi juu, zilipangwa upya karne ya 19 na mafundi wa John Clayton, mwanasheria wa Newcastle aliyenunua mashamba mengi kando ya Ukuta ili mawe yasiibwe. Walirudisha mawe ya uso yaliyoanguka bila kutumia chokaa, wakaweka nyasi juu. Mawe ni ya Kirumi, mpangilio ni wa Clayton. Bila yeye tungekuwa na kidogo sana, kwa hiyo simlaumu. Ila ukiona ukuta umeshikiliwa na chokaa na ndani kuna kifusi kilichoshikana, hapo kwa kawaida kazi ya kuuhifadhi ilifanywa karne ya 20.

La tatu: si kila jengo ndani ya ngome ni la Kirumi. Lango la kusini la Housesteads limegandamiwa na nyumba yenye kuta nene ya zama za wezi wa mifugo wa mpakani, zaidi ya miaka elfu baada ya Roma. Na mawe mengi ya Kirumi hayapo tena ngomeni. Yamo kwenye monasteri ya Lanercost, kwenye maboma ya ng'ombe, na kwenye chumba cha chini cha kanisa la Hexham kilichojengwa karne ya 7 kwa mawe ya mji wa Kirumi wa Corbridge. Ukiwa Hexham, ingia kanisani umtazame Flavinus, mshika bendera wa wapanda farasi aliyekufa akiwa na miaka 25, amechongwa akimpita adui juu ya farasi.

Siku moja, siku mbili

Kosa kubwa kuliko yote ni kutaka ngome tano kwa siku. Ngome kubwa moja inataka saa mbili, Vindolanda inataka nne. Mwenye siku moja achukue Housesteads asubuhi na Vindolanda mchana. Ziko kilomita chache tu kutoka moja hadi nyingine. Kutoka maegesho ya Housesteads hadi ngomeni ni mwendo wa dakika 10 hadi 15 wa kupanda, na upepo huanza kukupiga hapo, kwa hiyo vaa koti chini, usingoje kufika juu.

Vindolanda haiko juu ya Ukuta. Iko kwenye barabara ya zamani iliyoitwa Stanegate, na ilianza karibu mwaka 85 B.K., kabla Hadrian hajafikiria ukuta. Ngome tisa zilijengwa pale, moja juu ya nyingine, na kila mara wajenzi wapya walifukia za chini kwa udongo wa mfinyanzi na mapande ya nyasi. Hewa ikakosa njia, na visivyodumu vikadumu: mbao, ngozi, viatu zaidi ya 5,000, na vile vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino, vilivyoanza kupatikana mwaka 1973 mikononi mwa mwanaakiolojia Robin Birley. Kimoja ni mwaliko wa Claudia Severa kwa rafiki yake Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda Flavius Cerialis, aje kwenye sikukuu yake ya kuzaliwa tarehe 11 Septemba. Vingi vya vibao viko British Museum, London. Vichache viko hapohapo kwenye jumba la makumbusho. Ukienda miezi ya joto, siku za kazi, utakuta wachimbaji wako shimoni, na unaruhusiwa kusimama kwenye kamba na kuuliza. Uliza wamefika ngome ya ngapi, halafu usikilize.

Mwenye siku ya pili aende Chesters, kisha asimame Carrawburgh kuona hekalu dogo la Mithras, mungu aliyependwa na askari wa Kirumi, lililogunduliwa 1949. Madhabahu yaliyomo ni nakala; ya asili yako Great North Museum, Newcastle. Eneo hilo ni bonde la maji, na bila buti utalitazama kwa mbali. Kwa Chesters kuna jambo ambalo tiketi haikuambii: msingi wa daraja la Kirumi uko ng'ambo ya mto, na huwezi kuufikia kutoka ngomeni. Rudi kwenye daraja la Chollerford, vuka, ufuate njia ya miguu kando ya mto. Mto umehamia magharibi tangu wakati huo, kwa hiyo msingi umekaa nchi kavu chini ya miti, na juu ya mawe yake makubwa utaona matundu yaliyotumika kuyainua kwa winchi.

Siku ya tatu, kama miguu ipo, tembea kutoka Steel Rigg hadi Housesteads, kama kilomita 5 za kupanda na kushuka. Tenga saa mbili na nusu. Njiani ndipo ulipokuwa mti maarufu wa Sycamore Gap, uliokatwa usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2023; limebaki gutu linalochipua. Magharibi zaidi, Birdoswald ina kipande kirefu kuliko vyote cha ukuta usiokatika, na ukishuka kuelekea mto hadi Willowford utakuta msingi mwingine wa daraja ambao mto umeukimbia.

Bila gari inawezekana. Treni ya Newcastle hadi Carlisle husimama Hexham na Haltwhistle, na kati ya miji hiyo hupita basi AD122, namba iliyochaguliwa kwa mwaka wa kuanza ujenzi. Basi hili ni la msimu, takriban kuanzia Pasaka hadi vuli. Hakikisha ratiba ya basi la mwisho kabla hujapanda majabalini, si baada ya kushuka. Ukipanga matembezi, anza pale gari la kurudi litakapokuwa mbali na umalizie kituoni.

Kuhusu tiketi, kuna kadi za uanachama za mashirika mawili ya kuhifadhi urithi: kadi ya English Heritage inakuingiza Housesteads, Chesters, Corbridge na Birdoswald. Kadi ya National Trust inafanya kazi Housesteads tu kati ya hizo. Vindolanda ni ya taasisi yake yenyewe, hakuna kadi kati ya hizo mbili inayopokelewa, ila ina tiketi ya pamoja na Roman Army Museum iliyo Magna. Kununua mtandaoni mapema kwa kawaida huokoa pauni kadhaa. Majira ya baridi sehemu nyingi hupunguza siku za kufungua, na Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni.

Mashariki, kwa anayetaka watu zaidi ya mawe

Newcastle na viunga vyake huachwa na wapenzi wa mandhari, na ni hasara yao. Wallsend ina mnara wa kutazamia wa mita 35 ambao ndio mwalimu bora wa ile ramani ya karata. Ngome nzima imelala chini yako. Stesheni ya metro ya hapo ina vibao vya Kilatini.

South Shields, kwenye mdomo wa mto, kuna Arbeia, bohari ya nafaka ya jeshi, yenye lango lililojengwa upya kwa kimo chake chote. Baada ya siku mbili za kuta za magotini, kusimama chini ya lango zima hurekebisha macho. Makumbusho yake ni madogo na yana mawe mawili ya kaburi ambayo peke yake yanatosha safari. Moja ni la Regina, mwanamke wa kabila la Wakatuvelauni, lililowekwa na mumewe Barates wa Palmyra, Syria. Chini ya Kilatini ameongeza mstari kwa lugha ya kwao. La pili ni la Victor, Mmori wa Afrika Kaskazini, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru na askari wa farasi Numerianus, na akafa akiwa na miaka 20. Amechongwa amelala kwenye kochi, na kijana mdogo akimpa kikombe.

Waafrika hawakuwa wachache mpakani. Burgh-by-Sands, karibu na mwisho wa magharibi, kulikuwa na kikosi cha Wamori katika karne ya 3; maandishi yao yalipatikana karibu na hapo, ingawa ngome yenyewe imefunikwa na kijiji na hutaona chochote zaidi ya mawe yake kwenye kuta za kanisa. Septimius Severus, kaisari aliyeufanyia Ukuta matengenezo makubwa, alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, akafia York mwaka 211. Na Quintus Lollius Urbicus, gavana aliyejenga ukuta mwingine kaskazini zaidi, alitoka Tiddis, Algeria ya leo.

Miguu, mifugo na sheria

Usipande juu ya ukuta. Nyasi za juu ndizo zinazoziba maji. Zikichubuka, mvua huingia, baridi huigandisha, barafu husukuma mawe ya uso nje, na mita mbili huanguka kwa msimu mmoja. Kwenye njia ya miguu ya kitaifa, yenye alama ya tunda la mwaloni na urefu wa kilomita 135, waandalizi huwaomba watu watembee sambamba badala ya kufuatana, ili kusitokee mfereji mmoja wa matope juu ya mabaki yaliyolala chini kidogo tu. Ndiyo maana pia mihuri ya "pasipoti" ya njia hiyo, kijitabu cha kumbukumbu cha watembeaji, hutolewa kuanzia tarehe 1 Mei hadi 31 Oktoba pekee: majira ya baridi udongo umelowa na hauvumilii.

Ng'ombe wenye ndama wazungukie kwa mbali, mbwa afungwe kamba. Magenge ya Walltown na Steel Rigg hayana uzio, na mwamba ule mweusi ukilowa huteleza kama sabuni. Simu hupoteza mtandao, hivyo beba ramani ya karatasi, OL43 ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza. Kifaa cha kutafutia vyuma ni kosa la jinai kwenye maeneo yaliyolindwa. Ukiona kigae au sarafu juu ya udongo usiiokote. Piga picha pamoja na kitu cha kuonyesha ukubwa, weka alama ya mahali, uwaambie wasimamizi.

Kwa picha, saa za mchana ni saa mbaya. Vallum na mahandaki huonekana jua likiwa chini, kivuli kikijaza mabonde. Theluji nyepesi hufanya kazi hiyohiyo siku nzima.

Ukizichoka ngome za mawe, ukuta wa Lollius Urbicus huko Scotland ni wa udongo na nyasi, ulianza mwaka 142, una kama kilomita 60, na ukaachwa baada ya miaka kama 20. Kuutembelea hakuna kiingilio. Rough Castle, karibu na Falkirk, handaki na tuta viko wazi, na mbele yake, ng'ambo ya handaki, kuna safu kumi za mashimo yaliyowekwa vigingi vilivyochongwa kisha yakafunikwa kwa matawi. Majira ya joto nyasi huyaficha karibu kabisa, kwa hiyo nenda masika mapema, na utoke nje ya ngome kwa upande wa kaskazini, kwa kuwa wageni wengi huishia juu ya tuta na hawayaoni.